Bi Harusi wa Kampuni

Sehemu ya Saba

"Wifi! Unaolewa na nani?"

Hapo ndipo tulipoishia wiki iliyopita, na nimeambiwa kuna waliogombana nyumbani kwa ajili ya swali hilo. Haya, turudi dukani upesi kabla wifi hajapiga yowe.

Darubini alikuwa amesimama juu ya stuli, gauni jeupe la harusi limemshika mwilini, shela imemwagika mpaka sakafuni, pini zimemzunguka kiuno. Mlangoni, mkono bado uko kwenye kitasa, alisimama dada wa mumewe. Naam, mumewe. Mume wa ndoa, ambaye asubuhi hiyo hiyo alimpigia pasi blauzi aliyoivua ili avae gauni hilo.

Wewe uliyeanza leo usihangaike, nakupa kwa ufupi. Darubini haolewi. Yuko kazini. Ameajiriwa na kampuni kubwa ya nguo, kitengo cha utafiti wa soko, na kazi yake ni kuwapelekea wakubwa habari za soko ili wakikaa kuamua wasiamue kwa kubahatisha. Ofisini walimpa jina hilo kwa sababu hakuna kitu kinachomponyoka. Sasa wakubwa wanataka kuingia kwenye biashara ya magauni ya harusi, na anayewanyima usingizi ni mtu mmoja tu: Mama Shela, fundi wa duka dogo ambaye mabibi harusi wa mji mzima wanampangia foleni. Wakamwambia Darubini aende kwake, ajifanye naye anaolewa, amchungulie. Akaenda, akarudi, akaenda tena. Mama Shela akampokea kama mtoto wa kumzaa.

Ndipo akatokea wifi.

"Nakuuliza wewe, mama pacha! Mmeachana lini na kaka yangu sijaambiwa?"

"Wifi, ngoja nikueleze..."

"Nieleze, nasikiliza! Mimi nimekuja kupimwa nguo ya usimamizi, rafiki yangu anaolewa, nakukuta wewe umejaa kwenye shela! Na hao watoto utawaambiaje? Mama ameenda kuolewa, atarudi jioni?"

Darubini akavuta shela kujifunika kifua. Akisema ukweli, Mama Shela anasikia, na kibarua kimeota nyasi. Akinyamaza, basi ndoa ndiyo inayoota nyasi.

Mama Shela alizitoa pini alizokuwa amezibana midomoni. Akamtazama wifi, akamtazama Darubini, kisha akatabasamu kama mtu aliyepokea mgeni wa heshima.

"Dada, karibu kiti. Mbona unanifokea msichana wangu?"

"Msichana wako?"

"Ananivalia tu. Nina mteja yuko safarini, mwili wake na wa huyu hawapishani hata kidole. Gauni siwezi kulipimia hewani, nikamwomba anisimamie. Kuna kosa?"

Wifi akamtazama fundi, akalitazama gauni. Mara akajipiga paja, akacheka mpaka akatafuta kitambaa cha kujifutia machozi.

"Jamani! Moyo ulishaanza kunitoka! Hebu simama vizuri, wifi, nikupige picha. Kaka aone mke wake bado analipa."

Simu ikamulika. Wifi akaketi kungoja zamu yake, roho imemtulia.

Hivyo ndivyo Mama Shela alivyomwokoa mtu aliyetumwa kuja kummaliza.

Alimshika mkono, akampeleka chumba cha nyuma kumvua gauni. Pazia likashuka. Darubini alikuwa tayari anapanga maneno ya kujitetea, lakini Mama Shela hakuuliza alichodhani ataulizwa. Aliteremsha zipu taratibu, akasogeza mdomo sikioni.

"Anakupiga?"

"Nani?"

"Kaka yake huyu aliyekaa hapo nje."

Darubini akageuka. Uso wa Mama Shela haukuwa na hasira hata chembe.

"Mwanamke mwenye pacha nyumbani hashonishi gauni la harusi kwa siri kwa sababu ya raha, mwanangu. Unataka kuondoka, na yuko mtu wa kukupokea. Ni nani, sikuulizi. Na mimi niliwahi kutoka kwa mtu, cherehani kichwani, jino langu moja mfukoni. Kwa hiyo usinionee haya. Anakupiga?"

Sasa, msomaji wangu, mume huyo tunayemzungumzia ndiye anayewafulia pacha soksi. Ugomvi wao mkubwa kupita yote ulihusu nani alimaliza sabuni bila kusema. "Hapana" moja tu ingetosha.

Lakini hapana hiyo ingezaa swali la pili. Kama hakupigi, gauni la nini? Na nje ya pazia wifi alikuwa anakohoa.

Darubini akaitikia kwa kichwa.

Mama Shela akamkumbatia kwa nguvu zake zote. Pini iliyosahaulika kwenye gauni ikamchoma Darubini ubavuni. Hakuiondoa. Aliona inamstahili.

"Basi gauni lako sikutozi lesi," Mama Shela alinong'ona, sauti imemlowa. "Na lesi yangu si ya dukani. Iko nyuma ya kiwanda cha magodoro, kuna mzee anaifuma kwa mashine zake za zamani. Wenye maduka makubwa wamemtafuta mpaka wamechoka. Anamfumia mtu mmoja tu, mimi, na hatujaandikiana popote, tumepeana mkono. Na wewe utaanza upya na lesi hiyo. Usilie, mwanangu."

Lakini Darubini alilia. Hicho ndicho wakubwa walichokuwa wanakitaka kuliko vyote. Amekizunguka wiki zote hizo akiogopa kukiuliza waziwazi, na leo amekabidhiwa na mtu anayemfuta machozi.

*

Kesho yake chumba cha mikutano kilikuwa na baridi kama bucha. Wakubwa walikaa upande mmoja wa meza, Darubini upande wa pili, na kando yake dada wa takwimu wa kitengo chake, mjamzito, amejifunika mtandio mabegani.

Darubini alikuwa ameapa tangu akiwa kwenye ngazi: lesi haitatoka kinywani mwake.

Alieleza mambo mengine. Nani wanaonunua, nani wanaokodi, kwa nini bi harusi anakubali kungoja kwa Mama Shela wakati kuna magauni yananing'inia tayari kwenye maduka mengine. Mkurugenzi alisikiliza macho yakiwa yamefumbwa. Ndivyo alivyo, husikiliza kama anayesinzia, na neno halimpiti.

"Kazi safi," alisema. "Limebaki moja. Lesi anaitoa wapi?"

"Hilo bado nalifuatilia, mkurugenzi."

Macho yakafumbuka. "Bado? Ninalipia kitengo kizima cha utafiti ili nije kusikia bado? Bila lesi ile sifungui duka. Na nisipofungua duka, sioni kwa nini kitengo hicho kiendelee kukalia viti vyangu."

Dada wa takwimu akaweka mkono juu ya tumbo. Alimtazama tu Darubini.

"Nyuma ya kiwanda cha magodoro," Darubini alisema. "Kuna mzee anafuma."

Yalimtoka mepesi, kama mtu anayemwelekeza mpita njia.

Wakubwa wakaangaliana. Mmoja alishaanza kupiga simu. Hapo Darubini akashtuka, akataka kuokoa kilichobaki.

"Lakini mzee yule hamfumii mtu asiyemjua! Mkienda wenyewe atawafukuza. Mchukueni Mama Shela. Mpeni kazi, awe msimamizi wa duka, ataleta mzee, ataleta na wateja."

Alidhani amemtafutia mwenzake pa kushika. Mkurugenzi akakunja midomo.

"Mtu mzima yule. Sitaki kuja kulea mtu kwenye mshahara."

"Basi hata miezi sita!" Darubini alidakia, bila kupumua. "Mpaka wasichana wetu wajifunze mkono wake."

Mkurugenzi akacheka, akapiga meza kwa kiganja.

"Mnamsikia? Ndiyo maana nampenda huyu! Miezi sita, tunachukua mkono, tunachukua mzee, tunachukua wateja, halafu tunamwaga kwa heshima. Nitakwenda kumwona mwenyewe."

Walimpigia makofi. Darubini naye alitabasamu, kwa sababu uso wake haukujua cha kufanya. Alipotoka alikwenda kunawa. Alinawa mpaka mfanya usafi akamuuliza kama amemwagikiwa na wino.

*

Jioni alimkuta mumewe sakafuni sebuleni, anapaka rangi viatu vya watoto. Pacha walikuwa wanagombea brashi.

"Bi harusi karudi," alisema mume, akainua simu. Kwenye kioo cha simu alikuwa Darubini, mweupe kutoka kichwani mpaka sakafuni. "Dada amenitumia. Umependeza kuliko siku yetu ile. Siku yetu ulikuwa umevimba jicho, nyuki amekung'ata."

Alikuwa anacheka. Darubini akaketi sakafuni na mkoba begani, akaanza kulia.

Mume akawatoa watoto uani. Akasikiliza. Darubini hakuficha kitu: bi harusi wa uongo, lesi, mzee, miezi sita. Mwisho ukabaki ule mwitikio wa kichwa nyuma ya pazia. Huo ulimchukua muda.

"Ulimwambia nakupiga?"

"Sikusema. Niliitikia."

Mume alikiweka chini kiatu alichokishika. Yeye ni mwalimu wa udereva, kazi yake ni kukaa kando ya watu wanaokosea na kutopiga kelele. Hakupiga kelele. Lakini alifunga kopo la rangi taratibu, akavipanga viatu jozi kwa jozi, mpaka Darubini akatamani apigiwe.

"Mimi nitapoa," alisema mwishowe. "Niache kidogo, nitapoa. Huyo mama je?"

"Sijui nitamtazamaje."

"Utamtazama hivyo hivyo ulivyomtazama ulipokuwa unamdanganya. Asubuhi unakwenda."

*

Asubuhi akaenda. Duka lilikuwa ndio kwanza limefunguliwa, vumbi la jana bado linafagiliwa.

"Afadhali umekuja!" Mama Shela aliweka fagio chini. "Njoo uone."

Chumba cha nyuma mabunda ya vitambaa yalikuwa yameondolewa. Pembeni kulikuwa na kitanda, shuka jipya, bado lina mikunjo ya dukani. Juu yake mito mitatu. Mkubwa mmoja na miwili midogo, ya saizi moja, foronya zimeshonwa kwa vipande vya satini.

"Ya pacha," Mama Shela alisema. "Sikujua wanapenda rangi gani."

Darubini akakaa ukingoni mwa kitanda ambacho hakuwa na haki nacho, akasema.

Alisema ni nani, anatoka wapi, nani amemtuma na kwa nini. Alisema mumewe hajawahi kumwinulia hata sauti. Alisema hakuna harusi. Mama Shela alisimama, uzi mmoja umemnasia kwenye vidole, akiuzungusha na kuuzungusha mpaka kidole kikabadilika rangi.

"Na lesi umewaambia?"

"Nimewaambia, mama."

"Na mzee?"

"Naye."

Alisema yote. Isipokuwa lile la miezi sita.

Mama Shela akatoka kwenda mbele dukani, akakaa nyuma ya cherehani yake, akamwita.

"Njoo hapa. Kazi yako ni kuwaambia wakubwa habari za soko ili wajue cha kuamua. Si ndivyo?"

"Ndivyo."

"Haya. Hapa mkubwa ni mimi. Niambie habari zao."

Darubini akaanza. Duka lao litakuwa mtaa gani. Watapunguza bei mwanzoni, hata kwa hasara, mpaka wateja wahame. Wasichana wao wanajua kushona lakini hawajui kumsikiliza bi harusi, na wenyewe wanaogopa hilo kuliko kitu kingine. Mama Shela aliuliza maswali mafupi, makavu. Kwa mara ya kwanza tangu kazi hii ianze, Darubini alihisi kifua kinafunguka kidogo.

Haikudumu. Gari lilisimama nje. Mkurugenzi akashuka, peke yake, na tabasamu la kwenda kuposa.

Alipomwona Darubini hakushtuka. Watu wa aina yake hawashtuki hadharani.

"Mama," alisema, akavuta kiti bila kukaribishwa. "Sitazunguka. Nafungua duka la harusi, nataka wewe ulisimamie. Mshahara, wasichana chini yako, gari la kukufuata asubuhi. Unasemaje?"

Mama Shela hakumjibu yeye. Aligeuka.

"Mtaalamu wangu, unaonaje? Nikubali?"

Darubini alijua hapo ndipo pa kukata. Akikohoa tu na kulikwepa swali, amepona kazini. Akisema, hana pa kurudi.

"Usikubali, mama. Watakuweka miezi sita, wasichana wao wajifunze mkono wako, halafu watakutoa."

Mkurugenzi hakukasirika. Alipandisha suruali kidogo magotini, akaweka mguu mmoja juu ya mwingine.

"Ni kweli," alisema. "Kwenye mkutano ilisemwa miezi sita. Sasa muulize, mama, wazo hilo lilitoka kwa nani."

Cherehani ilikuwa imezimwa, fagio limelala, na nje hapakuwa na gari lililopita kuokoa mtu.

"Lilitoka kwa nani?" Mama Shela aliuliza.

"Kwangu," Darubini alisema.

Mkurugenzi akainuka, akaacha kadi yake juu ya meza ya kukatia. "Ukishafikiri, nipigie. Na wewe," akamwambia Darubini kwa upole uleule, "vitu vyako vya mezani nitavituma na dereva." Akatoka. Gari likaondoka.

Darubini alingoja kofi. Alingoja matusi. Alikuwa amejiandaa kwa yote hayo, na moyoni aliyataka.

Lakini Mama Shela alikuwa anamtazama kwa macho mengine kabisa. Yalikuwa na hofu.

"La miezi sita tutaliongea, na litakuuma," alisema. "Kwanza nijibu hili. Mumeo hakupigi? Hata siku moja?"

"Hata siku moja, mama. Nimekwambia."

"Kweli kabisa?"

"Kweli. Kwani vipi?"

Mama Shela akashika ukingo wa meza kwa mikono miwili.

"Juzi nilipokuwa nampima wifi yako, nilimdadisi. Ana maneno mengi yule, akanitajia mpaka kaka yake anafundisha udereva wapi. Jana nikaenda polisi. Nikawaambia kuna mwanamke anapigwa, anaogopa kusema, ana watoto pacha. Nikasema amekiri mwenyewe mbele yangu." Akaziba mdomo kwa kiganja. "Walisema leo asubuhi watamfuata."

Simu ya Darubini ikaita mkobani. Alipoitazama, jina lilikuwa la wifi. Aliiweka sikioni, na sauti ikalipuka hata kabla hajasema neno.

"Wewe mwanamke, uko wapi? Wamemshusha kaka garini mbele ya wanafunzi wake! Wamemfunga pingu, na wanasema mlalamikaji ni wewe!"